Kabla Hujalipa Dipositi ya Betri ya Sola, Piga Hesabu Hii

Lipa mdogo mdogo imerahisisha kununua sola. Unatuma dipositi kwa simu leo, halafu unalipa kidogo kila siku. Shida huja pale betri inapozima saa mbili usiku, wateja wakiwa kwenye foleni, na wewe bado uko na miezi mingi ya kulipa. Mara nyingi betri yenyewe haina ubovu, ila ni ndogo kwa kazi unayoipa. Hilo unaweza kulijua mapema ukitumia kikokotoo cha simu yako. Cheki hatua hizi.

1. Soma wati za kila kifaa

Geuza kifaa au chaja yake utafute lebo yenye herufi W. Kama imeandikwa volti na ampea pekee, zidisha: volti 12 mara ampea 1 ni wati 12.

2. Zidisha kwa saa unazokitumia

Fikiria bando. Wati ni kasi ya kumaliza bando. Wati-saa ni bando yenyewe. Betri huuzwa kwa ukubwa wa bando, kwa hivyo unahitaji wati-saa.

Tuchukue kinyozi kwa siku moja:

- Taa 4 za LED, wati 7 kila moja, saa 4: 112
- Mashine 2 za kunyoa, wati 12 kila moja, saa 6: 144
- TV ya inchi 32, wati 45, saa 8: 360
- Kabati ya UV ya kuua viini, wati 10, saa 8: 80
- Kuchaji simu 5, kama wati-saa 20 kila moja: 100

Jumla ni wati-saa 796. Umeona TV? Peke yake inakula karibu nusu.

3. Ongeza kinachopotea njiani

Inveta inapogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida, sehemu hupotea kama joto. Gawanya jumla yako kwa 0.85. Hapa 796 inakuwa kama 940.

4. Sasa angalia betri

Zidisha volti kwa Ah. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Lakini usizihesabu zote. Betri ya asidi ikizoea kushushwa chini ya nusu, inakufa haraka, kwa hivyo hesabu 600. Ya lithiamu inaweza kutumika hadi asilimia 80 hivi, yaani 960.

Kwa hivyo kinyozi wetu akinunua ya asidi ya Ah 100, haitoshi. Ya lithiamu inatosha, lakini bila akiba. Na je, akizima TV awashe redio ya wati 5? Hesabu inashuka hadi kama 560, na ile ya asidi inamtosha. Badiliko moja tu, na hana haja ya mkopo mkubwa zaidi.

Ni kweli mchana paneli inabeba sehemu ya mzigo. Lakini Juni hadi Agosti, maeneo kama Nairobi na Limuru hukaa na mawingu siku nyingi. Hesabu siku nzima ndio usishikwe. Paneli nayo lazima iweze kurudisha ulichotumia: kwa wati-saa 940 na jua kali la saa 5, tafuta paneli ya wati 250 hivi.

Vifaa vya kuchunga

Chochote kinachotoa joto kinamaliza betri: pasi, birika la umeme, blodraya. Birika la wati 2,000 kwa dakika 5 linakula kama wati-saa 167, kuliko zile mashine mbili za kunyoa siku nzima! Friji ni tofauti, kwa sababu huwaka na kuzima yenyewe. Tafuta kWh za mwaka kwenye lebo yake, ugawanye kwa 365. kWh 180 kwa mwaka ni kama wati-saa 490 kwa siku.

Kabla ya kuweka PIN, uliza:

- Betri ni ya asidi au lithiamu, na ni Ah ngapi?
- Nikimaliza kulipa, bei yote itakuwa ngapi ukilinganisha na kulipa keshi?
- Nikikosa kulipa siku moja, mtambo unajifunga?
- Waranti ni ya muda gani, na betri imo?

Muuzaji akikuambia tu "hii inawasha kila kitu", mwonyeshe hesabu yako. Akishindwa kuijibu, hiyo dipositi bado ni yako, weka kwanza. Ukiamua kulipa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la kampuni unayonunua kwake, na uhifadhi SMS ya kila malipo mpaka deni liishe.

Anza leo jioni: geuza TV yako, usome wati zake.