Gradu ya Mombasa: Chagua Ngoma Inayobeba Vigelegele

Wakikushow ati wewe ndio utapiga piano siku ya gradu, kitu ya kwanza wasee wengi hufanya ni kuzama YouTube. Wanatoka huko na "Für Elise" ya Beethoven, ama "River Flows in You" ya Yiruma, ama ile machi ya Elgar ya kwa filamu za majuu. Ni ngoma fiti, sina noma nazo, na ka umezikalia usiku mob mpaka vidole zikashika, heshima zako. Lakini kwa gradu ya Mombasa me naona ziko na shida moja kubwa: zinataka watu wanyamaze. Na watu wetu hawanyamazi siku ya furaha, wala hawafai kunyamaza.

Chukua Technical University of Mombasa, TUM, pale Tudor. Hicho chuo kilianza ka taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Mwaka wa 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Poly, na 2013 ndio ikawa chuo kikuu kamili. Saa hii kwa hema moja unapata mathe wa Kibokoni na buibui yake, mathe wa Changamwe na kitenge, mzee wa Kaloleni aliyedandia matatu ya alfajiri, na masiz wamebeba mashada ya kung'aa na asumini. Kila familia inangoja jina moja tu. Likitajwa, vigelegele inapasuka, watu wanasimama juu ya viti, simu zote hewani. Hawa watu hawajakuja kuskiza piano, maze. Wamekuja kumuona mtoto wao kavaa joho, pengine wa kwanza kwa hiyo nyumba.

Basi kipimo changu cha kwanza ni hiki: mamake mtu akipiga kigelegele katikati ya ngoma yako, ngoma inakufa ama inapanda? Ka inakufa, hata iwe tamu aje, iweke ya siku ingine.

Kabla hujachagua, cheki pia ni ngoma gani itakutangulia. Mahafali hufunguliwa na wimbo wa taifa, na hapo Pwani tuko mbele kitambo. Ile tuni ni ya bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana. Mzee Meza Morowa Galana ndiye aliyeitoa, na 1963 jopo la watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, wakaipanga ikawa wimbo wa nchi. Tuni ya kulaza mtoto ndiyo leo inasimamisha chansela na kila joho iliyoko uwanjani. Na iskize vizuri: iko kwa maina, wakati nyimbo za taifa kibao duniani ziko kwa meja. Ukiingia tu baada yake na kitu ya meja inayong'ara ghafla, skio la watu linashtuka, hata ka hawawezi kukuambia ni kwa nini.

Sasa hiyo machi ya Elgar. Aliitoa 1901, ya kwanza kwa zile anaita "Pomp and Circumstance". Mwaka wa 1905 chuo cha Yale kule Marekani kilikuwa kinampa yeye Elgar udaktari wa heshima, na siku hiyo wakapiga machi yake. Vyuo vingine vikaidaka, mpaka leo Marekani hakuna gradu bila hiyo kitu. Fikiria hiyo stori kidogo. Wale wasee hawakutafuta ngoma ya heshima ya mahali pengine. Walikuwa na mtu wa kuheshimiwa mbele yao, wakampigia ngoma yake mwenyewe. Hapo Tudor anayeheshimiwa ni mtoto wa Majengo, wa Likoni, wa Mwembe Tayari. Yake ni gani?

Ziko, buda. Maandamano ya furaha si kitu tumefunzwa juzi. Mwisho wa karne ya 19 vijana wa miji ya Waswahili walicheki bendi za jeshi la mkoloni, tarumbeta, sare, vyeo na zote, wakazigeuza zikawa beni, ngoma yao wenyewe. Hapa Mombasa kulikuwa na kikundi cha Kingi upande mmoja na cha Skochi upande wa pili, na ushindani wao ulikuwa moto. Na kwa harusi wamama walikuwa na vugo, wanapita vichochoroni wakigonga pembe kwa vijiti, mtaa mzima unajua kuna arusi. Mahadhi ya kutembea, ya kutangaza, yenye vigelegele ndani yake tayari. Mkono wako wa kushoto ukiiga huo mdundo wa pembe, taratibu, noti mbili tatu za chini kwa piano, tayari una machi ya kuingiza wahitimu, na bibi wa miaka themanini ataijua bila kuambiwa.

Tuje kwa taarab, ju hapo ndio me ningeweka nguvu zangu zote. Ngoma ziko mob, lakini si zote zinakubali piano, na hii lazima uijue mapema usije ukaaibika mbele ya wazee. Piano hugawa oktavu mara 12 sawasawa, na kati ya ufunguo na jirani yake hakuna kitu. Udi hauna hiyo noma. Shingo yake ni laini, kidole kinateleza kinasimama popote. Ukimskiza marehemu Zein l'Abdin, yule fundi wa udi wa kutoka Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki 2016, utaskia noti zingine hazimo kabisa ndani ya piano. Ngoma ikiwa kwa makamu, yaani ngazi ya noti, ya bayati, ukianzia D, noti ya pili inakaa katikati ya E na E-flati. Kwa piano itabidi uchague moja kati ya hizo mbili, na mzee yeyote wa Mji wa Kale anayejua taarab atakunja uso. Ako na haki. Rast nayo ni hivyo hivyo.

Hijaz lakini inakubali. D, E-flati, F-shapu, G, A, B-flati, C, kisha D tena. Ibonyeze saa hii kwa kibodi yoyote. Pale unaruka kutoka E-flati hadi F-shapu, hapo ndipo Mji wa Kale wote unaingia kwa chumba. Na nahawand inakaa karibu kabisa na maina, yaani jirani wa wimbo wa taifa. Ukitoka kwa wimbo wa taifa ukaingia nahawand, ukakaa hapo kidogo, kisha ukafungua hijaz, watu watafuata mkono wako hatua kwa hatua. Hiyo safari peke yake ni mpangilio mzima wa ngoma.

Ka chuo kitakupea kibodi badala ya piano ya nyuzi, usijiskie vibaya. Kibodi kadhaa za Yamaha na Korg ziko na seting ya kushusha noti moja hadi katikati yake na ufunguo wa jirani, na wapiga vinanda wa taarab wanaijua hiyo kitu vizuri. Ukiipata, hata bayati imefunguka.

Na msee akikwambia vifaa vya kubonyeza si vya kwetu, mwambie aende akamskize Zuhura Swaleh. Nyuma ya sauti yake kuna taishokoto inawaka vibaya sana: ubao wa nyuzi wenye vibonye ka taipu, uliobuniwa Japani 1912, ukavuka bahari, ukafika huku ukashika taarab kabisa. Kuna pia Matano Juma na Maulidi Juma, waimbaji wa taarab wa hapa Mombasa. Tafuta kanda zao za kitambo, zile familia nyingi za Mji wa Kale bado zimehifadhi kwa kabati. Ingia kwa mzee na salamu zako sawa, omba kuskizishwa, kaa. Utaondoka na ngoma kumi ambazo algoridhimu haingekuletea mwaka mzima.

Chakacha pia inaingia piano poa sana, ju mdundo wake wa sita kwa nane unapenda vidole: kulia unahesabu tatu, kushoto mbili, zinakutana mwanzoni mwa kila duru. Mombasa Roots waliipeleka mpaka disko miaka ya 1980. Ila chakacha asili yake ni ya wanawake, ndani ya arusi, viuno na zote, na wazazi wanajua hivyo. Chukua mdundo, punguza spidi, tuni iwe ya heshima. Ukiipiga ka ya usiku wa arusi mbele ya maimamu na maaskofu, utakuwa umewaweka wamama wengi mahali pagumu bila sababu.

"Malaika"? Kila mtu anaijua, na Fadhili William aliyeirekodi mapema miaka ya 1960 alikuwa mtu wa Taita, si mbali na hapa, ingawa kuna wanaoshikilia kuwa mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Miriam Makeba akaibeba dunia nzima. Ni nzuri, na hema lote litaimba. Shida yangu ni kuwa ni ngoma ya kijana analia hana pesa ya kuoa, na hapo kwa viti kuna wahitimu ambao kazi bado hawajaona. Siku yao moja ya kushangiliwa me singewapigia hiyo. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya 1982, ilizaliwa hapa Pwani na ni furaha tupu, lakini imeshachapwa sana kwa watalii hotelini. Watoto wetu wanastahili kitu ambacho hakikutengenezwa kumkaribisha mgeni.

Cheki chombo mapema, wiki mbili kabla ka inawezekana. Kisiwa hiki kina chumvi hewani na unyevu mwaka mzima. Nyuzi za piano zinashika kutu, mbao inavimba, funguo zingine ukizibonyeza hazirudi. Piano iliyokaa kwa ukumbi bila kuguswa huwa imeshuka sauti, na ka utapiga pamoja na kinanda ama fidla mtagombana vibaya. Piga kila ufunguo, moja moja, andika zilizokufa, kisha uhamishe ngoma kwa funguo nyingine ikibidi. Kibodi nayo inataka stima, na stima ya hapa unaijua. Uliza ka jenereta iko na nani anaiwasha. Karatasi za muziki zibane na vibanio vya nguo, ju upepo wa bahari hauna adabu. Na uliza ratiba ya swala: adhana ikianza, mikono iko magotini mpaka iishe. Hiyo haina mjadala.

Mazoezi usifanyie tu chumbani ukiwa umevaa hedifoni. Nenda mahali kuna kelele. Swahilipot Hub, pale Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, iko wazi kwa vijana tangu 2016 na stejini watu wanapanda. Omba dakika tano, piga huku watu wanaongea na kucheka. Waambie masiz wakurushie vigelegele mahali hujatarajia. Ukipotea, hapo ndipo pa kurudia.

Ningepewa mimi hiyo siku, ningefanya hivi. Kushoto naanza na mdundo wa vugo, peke yake, wahitimu wakiwa bado wamepanga laini nje. Wakiingia naleta tuni ya nahawand juu yake, fupi, duru ya baa nane ambayo naweza kurudia hata mara ishirini, ju hakuna anayejua laini itachukua muda gani. Wakikaa wote nafungua hijaz mara moja tu, dakika mbili, hiyo ndio sehemu yangu. Wakianza kusoma majina narudi kwa ile duru, chini kabisa, na baada ya kila jina naacha baa nzima tupu, ju hiyo ni ya mamake mtu. Na nitakuwa nimeongea na emsii asubuhi, tumekubaliana ishara ya kufunga.