Sura ya Sita: Gharama Inayoanzia Mlangoni

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, msimamo wa Tanzania ni kwamba mtu aliyefikisha miaka 60 na hana uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Uamuzi huo ulikuja miaka kumi baada ya uchangiaji wa gharama za matibabu kuanza, mwaka 1993, na uliwaokoa wazee ambao wasingethubutu tena kukanyaga hospitali. Siku hizi hospitali nyingi zina dirisha la wazee, na halmashauri hutoa vitambulisho vya msamaha. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, familia inayomuuguza mzee mwenye ulemavu itakuambia kwamba matibabu yanaimaliza, nayo haisemi uongo. Sura hii inaeleza fedha hizo zinakwenda wapi.

Njia mbili za kuufikia ulemavu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu unaoathiri maisha yao kwa kiasi kikubwa. Miongoni mwa wazee wenye ulemavu yapo makundi mawili. Wapo waliozeeka nao: aliyepooza kwa polio utotoni, aliyezaliwa kiziwi. Hawa wengi huingia uzeeni mikono mitupu, kwa kuwa shule haikuwapokea, ajira haikuwaita, na pensheni hawana. Wapo pia wale ambao ulemavu umewakuta ukubwani: kiharusi kilichotokana na presha, mguu uliokatwa kwa sababu ya sukari, macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, masikio yaliyofifia. Hawa hupoteza nguvu ya kutafuta riziki wakati uleule matumizi yanapopanda.

Malaria hutibiwa, ikaisha. Mzee aliyepooza anahitaji huduma kila mwezi, kila wiki, pengine kila saa, kwa maisha yake yote yaliyobaki. Gharama yake ni ndogondogo na haina kikomo.

Tuifuate shilingi

Chukulia bibi mmoja wa kijiji cha wilaya ya Masasi aliyepooza upande wa kushoto. Zahanati ya kijiji inaweza kumpima presha, lakini haina mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akipewa rufaa kwenda Mtwara mjini, ana safari ya takriban kilomita 200. Mgonjwa anayetembea hupanda bodaboda hadi stendi, kisha basi. Bibi huyu hawezi kukaa kwenye bodaboda. Itakodiwa bajaji, watatafutwa vijana wa kumnyanyua hadi ndani ya basi, na binti yake atamsindikiza. Nauli zimekuwa mbili, chakula cha watu wawili, malazi ya watu wawili, na daktari bado hajaonwa.

Dirishani, kitambulisho kinamwondolea ada ya kumwona daktari. Lakini dawa ikiwa haipo ghalani, ataandikiwa akanunue nje, na duka la dawa halitambui msamaha. Vidonge vya presha havinunuliwi mara moja. Mwezi ukiisha vinatakiwa tena. Akikosa fedha atameza kimoja leo na kuruka kesho, na presha isiyodhibitiwa huita kiharusi cha pili.

Kisha vinakuja vifaa saidizi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha namna hiyo, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji wanaovipata. Anayekipata hajamaliza. Kiti mwendo kisicholingana na mwili humletea vidonda, na tairi zake huisha kwenye njia za mchanga na mawe. Shimesikio lisipobadilishiwa betri halisaidii kitu. Mguu wa bandia hurekebishwa kadiri mwili unavyobadilika. Kila kifaa kina matunzo yake, na bajeti zetu nyingi husahau matunzo hayo.

Sehemu nzito zaidi, hata hivyo, iko nyumbani. Pampasi za watu wazima, mpira wa mkojo, glavu na sabuni vyote hununuliwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo atapata vidonda vya kulalia. Anayefanya kazi hiyo mara nyingi ni binti au mkwe. Msimu wa korosho ukifika hatakwenda shambani, na mavuno yatakayopotea hayana risiti. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyoandikwa popote.

Takwimu zinazoficha

Kipimo kimoja kilichotumika sana kimataifa huihesabu kaya kuwa hatarini pale matibabu yanapokula zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote. Kipimo hiki kina manufaa, lakini hakihesabu siku za kazi zilizopotea. Kibaya zaidi, kaya iliyokata tamaa na kuacha kumpeleka mzee hospitali huonekana salama, maana haijatumia kitu. Kwenye jedwali hakuna tofauti kati ya mzee asiyeumwa na mzee aliyeachwa aumie kimyakimya.

Bima na pensheni

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya hadi watu sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelenga kumfikia kila mwananchi. Bima inahitajika sana. Lakini bima hulipa yanayotokea kituoni. Hailipi bajaji wala siku za binti.

Hapo ndipo fedha taslimu inaposaidia. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa. Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za nchi hiyo kila mwezi. Uzuri wa fedha hii ni kwamba mzee mwenyewe huamua kama ni ya nauli au ya vidonge. Upungufu wake ni kwamba kiharusi hakisubiri miaka 70, na anayetembea hupokea sawasawa na asiyeweza kuinuka kitandani.

Tuanze kuhesabu wapi?

Njia ya uhakika ya kupunguza gharama ni kuifupisha safari. Zahanati ikipima presha bila kukosa na kutoa vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa mkupuo, nauli nyingi hazitatumika na viharusi vingi havitatokea. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akimfundisha binti mazoezi na namna ya kumgeuza mgonjwa, vidonda vitapungua, na pamoja navyo gharama za kuvitibu. Upasuaji wa mtoto wa jicho ukisogezwa wilayani, mzee anayerudishiwa kuona hahitaji tena mtu wa kumshika mkono, na huyo mtu anarudi kazini.

Kwa hiyo kila sera ya matibabu ya wazee ipimwe kwa swali moja: tangu mzee huyu atoke mlangoni kwake hadi arudi, na katika siku zote za katikati, nani amelipa nini? Serikali inayolijibu swali hilo kwa ukamilifu itatenga fedha za usafiri, za vifaa na matunzo yake, na za anayeuguza. Isipolijibu, bili itaendelea kupelekwa kwa binti, naye atailipa kwa shamba lake, kwa biashara yake, na kwa uzee wake mwenyewe.