Daktari wa Macho Akosee Wapi Kwanza?

Mgonjwa wa mtoto wa jicho kwa kawaida hupasuliwa akiwa na fahamu zake. Hudungwa sindano ya ganzi, hufunikwa uso, na husikia kila neno linalosemwa juu yake. Ndiyo maana katika hospitali za kufundishia, kama KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar es Salaam, si busara mwalimu kumkemea mwanafunzi mezani. Akiona kisu kinakwenda kubaya, inatosha kusema, "Hebu nipishe kidogo."

Mwanafunzi mwenyewe ni daktari kamili, anayesomea ubingwa kwa miaka mitatu au minne. Akikosea kupima miwani au shinikizo la jicho, kipimo hurudiwa. Kisu hakirudiwi.

Chukua upasuaji wa tundu dogo lisiloshonwa, unaofanywa sana kwetu. Daktari huchonga kijia chenye upana wa milimita sita au saba katika weupe wa jicho. Akichonga juujuu, paa la kijia hutoboka; akizamisha mno, kisu huingia ndani ya jicho kabla ya wakati wake. Kisha huitoa lenzi iliyoingia ukungu na kubakiza kifuko chake, ambamo lenzi ya bandia hukaa. Ukuta wa nyuma wa kifuko hicho ni mwembamba kuliko unywele. Ukichanika, ute wa jicho hujongea mbele, kazi hurefuka, na mgonjwa huenda asione vizuri kama alivyotarajia. Yote hayo hufanyika chini ya darubini, huku mguu nao ukikanyaga pedali ya kuirekebisha.

Zamani wengi walijifunzia kwa mgonjwa moja kwa moja, au walianza na macho ya mbuzi kutoka machinjioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulijaribu njia nyingine. Madaktari 50 waliokuwa wakisomea ubingwa Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waligawanywa kwa bahati nasibu. Juu ya masomo ya kawaida, kundi moja liliongezewa siku tano za kupasua macho ya bandia huko Cape Town. Katika mwaka uliofuata, kifuko kilichanika katika asilimia 7.8 ya upasuaji wa kundi hilo. Kwa wenzao, asilimia 26.6.

Macho ya bandia hayamwondoi mwalimu. Jicho la plastiki halina mgonjwa anayekohoa ghafla, wala halina woga. Hata baada ya mazoezi, mwanafunzi huanzishwa na hatua nyepesi, mwalimu akifanya zilizobaki, hadi siku atakapoachiwa jicho zima.

Kwa hiyo macho ya bandia yaingie katika bajeti ya hospitali pamoja na glovu na nyuzi. Na anayehesabiwa idadi ya macho aliyopasua ahesabiwe pia vifuko vilivyochanika mikononi mwake, kwani hapo ndipo umahiri unapopimika.