Kunasa, Kurekodi na Kuhifadhi: Kinasa Video cha Kidijiti na Televisheni ya Picha Angavu katika Nyanda za Juu za Kigoma

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, vitenzi kunasa, kurekodi na kuhifadhi hutumiwa kana kwamba ni visawe. Mtu aliyebonyeza kitufe chekundu cha rimoti husema kwamba amekinasa kipindi, amekirekodi au amekihifadhi, na msikilizaji haoni tofauti yoyote. Enzi za deki na kanda za video, ulegevu huo wa matumizi haukuwa na madhara makubwa. Kanda iliyorekodiwa Kasulu iliweza kubebwa hadi Kibondo na kuchezwa katika deki yoyote ya mfumo uleule. Kinasa video cha kidijiti kimeibadili hali hiyo. Chombo hiki hunasa vizuri na hurekodi bila kupunguza kitu, lakini huhifadhi kwa masharti.

Makala haya yanakusudia kueleza namna televisheni ya picha angavu, ambayo watumiaji wengi huiita HD, inavyorekodiwa kwa kinasa cha kidijiti. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti ya maana baina ya vitenzi hivyo vitatu inalingana na hatua tatu za kazi ya chombo chenyewe. Mazingira yanayorejelewa ni ya wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Huko, Kiswahili hukutana kila siku na Kiha, lugha iliyo jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na huko pia vilima, mvua na mpaka wa nchi vina athari katika kila hatua ya kazi hiyo.

2.0 Istilahi na Chimbuko Lake

Tanzania ilizima mitambo ya televisheni ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, ambayo yaliweka Juni 2015 kuwa ukomo wa matangazo ya analojia katika nchi nyingi. Kutokana na mabadiliko hayo, neno king'amuzi lilienea nchini kote.

Kimofolojia, neno hili limeundwa kwa kanuni za Kibantu. Kitenzi ni -ng'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Kiambishi ki- huonyesha ala, na mwisho -zi ni tokeo la kukutana kwa l ya kale, ambayo imedondoka katika kitenzi cha leo, na irabu i ya unominishaji. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyozaa mwamuzi kutokana na -amua, na uchambuzi kutokana na -chambua. Kisemantiki pia neno linafaa, kwa kuwa kazi ya chombo ni kuyatambua yaliyofungwa ndani ya mawimbi.

Neno kinasa lina muundo tofauti. Linabaki na irabu -a ya kitenzi na hudai yambwa ifuate, kama ilivyo katika kipaza sauti au kifungua kinywa. Ndiyo maana husemwa kinasa sauti na kinasa video. Kitenzi -nasa chenyewe ni cha mtegoni: ndege hunasa kwenye ulimbo, na ulimbo humnasa ndege. Kurekodi ni mkopo kutoka Kiingereza, na maana yake ni kuandika tukio katika chombo. Kuhifadhi ni mkopo kutoka Kiarabu wenye maana pana zaidi. Aliyehifadhi sura ya Kurani anaweza kuisoma popote, mbele ya yeyote, bila msahafu mkononi. Kwa hiyo, kuhifadhi hubeba dhana ya kulimiliki jambo kiasi cha kuweza kulitoa tena wakati wowote. Kirundi na Kinyarwanda navyo vina kitenzi kubika, yaani kuweka kitu ili kitumike baadaye. Wazo la kuweka kwa ajili ya kesho, basi, si geni kwa jamii za ukanda huu.

3.0 Hatua ya Kwanza: Kunasa

Matangazo ya mitambo ya ardhini husafiri karibu na mstari ulionyooka, na kilima kilichosimama kati ya mnara na antena huyazuia. Katika nyanda za juu za Kigoma, zenye miinuko na mabonde mengi, kaya nyingi zisizouona mnara hutegemea dishi la satelaiti, ambalo wengi huliita ungo. Satelaiti za aina hii huzunguka juu ya ikweta kwa kasi inayolingana na mzunguko wa dunia, hivyo huonekana kusimama mahali pamoja. Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, ilichagua satelaiti iliyo kwenye nyuzi 7 mashariki. Kasulu iko karibu na nyuzi 30 mashariki, na kwa hiyo ungo wa huduma hiyo hutazamishwa magharibi, upande wa Burundi na Kongo.

Mawimbi yanayoshuka kutoka satelaiti hizo ni mafupi sana, na matone makubwa ya mvua huyadhoofisha. Jambo hili lina uzito katika eneo ambalo msimu wa mvua huchukua zaidi ya nusu ya mwaka. Data za matangazo ya kidijiti hufungwa katika vifurushi vidogo vya baiti 188 kila kimoja. Chaneli inayotumia megabiti 8 kwa sekunde hupeleka zaidi ya vifurushi 5,300 kila sekunde. Vichache vikipotea, king'amuzi huweza kuvisahihisha kwa kutumia data za ziada zilizoambatanishwa. Vingi vikipotea, picha huvunjika kuwa miraba, kisha hutoweka.

Ikumbukwe kwamba kinasa hakiwezi kurekodi kile ambacho ungo haukunasa. Pengo lililosababishwa na mvua ya saa mbili usiku litabaki katika rekodi, hata ikichezwa mchana wa jua kali. Anayetaka rekodi nzuri ya msimu wa masika hana budi kuanza na ungo uliolengwa kwa usahihi na kufungwa imara.

4.0 Hatua ya Pili: Kurekodi

Picha ya televisheni ya kawaida katika nchi zilizofuata mfumo wa PAL, Tanzania ikiwamo, ina pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha angavu kamili ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara tano. Kama kila pikseli ingeandikwa kwa biti 24, na picha 25 zikapita kila sekunde, saa moja ingehitaji takribani gigabaiti 560. Flashi ya gigabaiti 32 ingejaa kabla ya dakika nne kwisha.

Hali haiko hivyo kwa sababu picha hubanwa kabla ya kurushwa. Tuchukue mfano wa mzee anayezungumza mbele ya kamera, vilima vya Heru vikiwa nyuma yake. Vilima havisogei, na kinachobadilika ni midomo, macho na mikono ya mzee. Mtambo hutuma picha moja kamili, kisha kwa muda mfupi hutuma mabadiliko tu, halafu hutuma picha kamili nyingine. Kwa utaratibu huo, chaneli ya picha angavu huweza kutosheka na megabiti 8 kwa sekunde au pungufu. Hii ndiyo sababu pia miraba ya wakati wa mvua hung'ang'ania skrini kwa muda: kosa moja huendelea kurithiwa hadi picha kamili inayofuata ifike.

Hapa ndipo kinasa cha kidijiti kinapotofautiana na deki. Deki ya VHS, iliyotoka Japani mwaka 1976, iliandika picha upya katika utepe wa sumaku na kuipunguza ubora kila iliponakiliwa. Kinasa cha kidijiti, ambacho kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1999, kikiunganishwa na king'amuzi hakiiandiki picha upya. Huchukua vifurushi kama vilivyofika na kuvipanga katika diski. Rekodi, kwa hiyo, ni sawa na matangazo yenyewe. Hata televisheni ikiunganishwa kwa nyaya za zamani zisizopitisha picha angavu, rekodi iliyomo katika diski hubaki angavu, na ubora wake utaonekana siku waya wa HDMI utakapopatikana. Kwa upande mwingine, kipindi kilichopigwa kwa kamera ya zamani hakipati ubora mpya kwa kurushwa katika chaneli ya HD.

Kwa kasi ya megabiti 8, saa moja huchukua gigabaiti 3.6. Flashi ya gigabaiti 32 huchukua karibu saa tisa, na diski ya gigabaiti 1,000 huzidi saa 270. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili linalozidi gigabaiti 4 na ushei. Rekodi ya kasi hiyo hukatwa baada ya dakika 71 hivi na kuendelea katika faili la pili, na mtumiaji asiyelijua hilo hudhani kwamba nusu ya kipindi imepotea. Umeme nao una nafasi yake. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, hadi gridi ya taifa ilipofika mkoani humo katika miaka ya 2020. Umeme ukikatika wakati wa kurekodi, faili huachwa bila kufungwa na huweza kutosomeka.

Lipo pia suala la saa, ambalo ni la kiisimu zaidi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku huandikwa 20:00 katika king'amuzi, kwa kuwa saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa machweo na mapambazuko, ilhali ya chombo huanzia usiku wa manane. Anayeandika 02:00 atarekodi vipindi vya saa nane usiku. Mpakani mtego huu huongezeka: Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na chombo kilichopangwa kwa saa za ng'ambo kitaanza kazi habari zikiwa zimekwisha.

5.0 Hatua ya Tatu: Kuhifadhi

Katika ving'amuzi vingi vya kulipia, rekodi hufungwa kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya king'amuzi chenyewe. Flashi ikichomekwa katika kompyuta, au hata katika king'amuzi cha jirani cha aina ileile, haifunguki. Katika baadhi ya huduma, kifurushi cha mwezi kikiisha, rekodi za zamani nazo hukataa kuchezwa. King'amuzi kikiungua kwa radi, rekodi zote hufa pamoja nacho, ijapokuwa diski ni nzima. Lengo la kufuli hilo ni kulinda haki za wenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki hizo. Hata hivyo, mtumiaji anayeamini kwamba amehifadhi, kwa kweli ameazimwa.

Athari zake katika utafiti wa lugha ni bayana. Matangazo ya televisheni hubeba usemi ambao hauandikwi popote: wakulima wa Kasulu wakihojiwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha, au wazee wa Kibondo wakichanganya lugha mbili katika sentensi moja. Picha angavu huonyesha midomo na ishara za mkono. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Mkalimani aliyewekwa pembeni, katika robo ya upana na robo ya kimo cha skrini, hupata pikseli 180 kwa 144 tu katika televisheni ya kawaida. Katika picha angavu hupata 480 kwa 270, na vidole vilivyokuwa kivuli huanza kusomeka. Mwanafunzi kiziwi anayetaka kurudia habari hiyo mara tatu anahitaji rekodi, na anaihitaji kesho na mwakani. Lakini sauti haiboreki kwa sababu ya picha. Nayo hubanwa, na mtafiti wa toni za Kiha atahitaji kinasa sauti chake mwenyewe.

Kwa wanaotaka kumbukumbu za kudumu, njia zipo. Chaneli za bure zisizofungwa, zikipokelewa kwa king'amuzi kisichofunga rekodi, huzaa faili linaloweza kunakiliwa katika kompyuta. Nakala mbili ziwekwe mahali pawili, na kila moja iandikwe jina la kipindi, tarehe na chaneli. Kwa chaneli zilizofungwa, njia halali ni kumwomba mtangazaji nakala na idhini mapema, kabla hajaifuta.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kunasa ni kazi ya ungo, kurekodi ni kazi ya diski, na kuhifadhi ni kazi ya mtu mwenyewe. Kinasa cha kidijiti hufanikisha hatua mbili za kwanza kwa ubora ambao deki haikuufikia, lakini hatua ya tatu hakikuahidi. Inapendekezwa kwamba maelekezo ya matumizi ya vyombo hivi, ambayo mara nyingi hutafsiriwa kwa haraka, yatumie rekodi pale panapohusu kuandika katika diski, na neno hifadhi liachwe kwa faili ambalo mwenyewe anaweza kulifungua popote. Mnunuzi wa king'amuzi mjini Kasulu akisomewa kwamba chombo "huhifadhi vipindi", ana haki ya kuuliza kama vipindi hivyo vitafunguka katika chombo kingine, na muuzaji anapaswa kumjibu kabla hajapokea fedha.