Mawese katika Sombe: Kiungo Kisichoachwa Kusini mwa Maniema

Mswahili wa pwani afikapo Kasongo au Salamabila hupakuliwa sombe. Majani ni yale yale ya muhogo aliyoyazoea kwa jina la kisamvu, ila tui la nazi halimo. Itakumbukwa kwamba misafara ya pwani ya karne ya 19, ya akina Tippu Tip na wenziwe, iliingiza Maniema lugha ya Kiswahili, Uislamu na kilimo cha mpunga. Mnazi ulibaki pwani. Palipo na tui huko, hapa pana mawese, mafuta mekundu yanayokamuliwa kutokana na nyama ya chikichi zilizochemshwa na kutwangwa.

Je, mawese ni anasa? Kwa mwenye michikichi yake, la. Kwa anayenunua sokoni kwa chupa, kipimo hupungua kila fedha inapopungua. Hupungua tu, hakiondolewi. Sombe ya maji na chumvi hushibisha, lakini ni vigumu kumwandalia mgeni. Tena hasara si ya ladha pekee: wekundu wa mawese hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kamusi zinazoridhika na fasili ya “mafuta ya mchikichi” hazikosei, ila mpishi wa Kabambare angeziona bahili.