Msimamizi wa mtihani aandike alichokiona

Mbita ni mji mdogo ulio kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, pale ambapo barabara hupita juu ya maji kuelekea kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Nimeutaja mji huo kwa sababu mwaka wa 2021 nusura niyaangamize masomo ya kijana mmoja aliyekuwa akifanyia mtihani huko, nami nikimsimamia kutoka mbali kwa njia ya kamera ya kompyuta. Silaha niliyoitumia ilikuwa sentensi mbili.

Msomaji atakumbuka kwamba vyuo vikuu vya Kenya vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, masomo yakahamia kwenye mtandao na mitihani mingi ikafuata. Sisi wahadhiri tuliokuwa tumezoea kuzunguka ukumbini, huku tukitazama meza, mikono na sakafu, tulijikuta mbele ya skrini yenye nyuso kumi na mbili na kuta kumi na mbili. Tuliagizwa kuandika kumbukumbu za kila kikao. Namna ya kuziandika hatukufundishwa, na yamkini ilidhaniwa kwamba mtu mwenye shahada ya uzamifu hahitaji kufundishwa jambo dogo kama hilo.

Kumhusu kijana wa Mbita niliandika hivi: “4.10, mtahiniwa alitoroka kamera. Aliporudi alikuwa akielekezwa majibu na mwanamke.”

Baada ya majuma matatu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nami nikaitwa kuwa shahidi. Maneno yangu yaliposomwa kwa sauti niliyasikia kana kwamba yameandikwa na mtu nisiyemjua.

Balaa ya kwanza ilikuwa saa. Mtihani ulianza saa tatu asubuhi, nami kwa mazoea ya Kiswahili niliandika 4.10 nikikusudia saa nne na dakika kumi. Katibu wa kamati aliielewa kuwa alasiri, wakati ambapo mtihani ulikuwa umekwisha zamani. Kijana mwenyewe katika barua yake ya utetezi alitaja 10:10. Nayo rekodi ya mtambo, iliyofuata saa za Greenwich ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, ilionyesha kwamba mawasiliano yalikatika 07:10. Dakika ilikuwa ile ile moja, lakini kwenye karatasi ilionekana kama visa vitatu, na mjumbe mmoja alikwisha kuuliza ni kwa nini mtahiniwa huyu alitoweka mara nyingi namna hiyo.

Balaa ya pili ilikuwa kitenzi. Kutoroka ni tendo la mtu mwenye nia. Nilichokiona mimi ni picha kukwama, kisha kipande chake cha skrini kuwa cheusi kwa dakika sita. Nia niliitia mwenyewe. Hali kadhalika “alikuwa akielekezwa majibu”: hiyo -ki- inamwambia msomaji kwamba tendo liliendelea kwa muda, ilhali nilisikia maneno mawili tu, tena kwa lugha nisiyoielewa. Kanda ilipochezwa, mjumbe mmoja mzaliwa wa pande za ziwani aliangua kicheko. Sauti ile ilisema, “Bi ichiem.” Ni Kidholuo, maana yake njoo ule.

“Ni shangazi yangu, Daktari,” kijana akanieleza kwa upole. “Alikuwa ametoka kuanika omena, akaniita nikale. Hakujua niko kwenye mtihani.”

Mimi hufundisha semantiki.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwadekeza wadanganyifu. Udanganyifu upo, wala sipingi. Katika mtihani wa KCSE wa 2015 zaidi ya watahiniwa 5,000 walifutiwa matokeo, na Machi 2016 Waziri Fred Matiang'i akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Lakini kumbukumbu yenye ukungu humfaa mdanganyifu hasa, maana wakili wake ataipangua kabla ya chai ya saa nne. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Sababu hizo kamati itazipata wapi, ikiwa si katika daftari la msimamizi?

Leo ningeandika hivi: “Saa 4.10 asubuhi, saa za Kenya, picha ilikwama, kisha skrini ikawa nyeusi. Saa 4.16 picha ilirudi. Mtahiniwa alikuwa peke yake. Nilisikia sauti ya kike kutoka nje ya picha, maneno mawili, lugha sikuielewa. Mtahiniwa alitikisa kichwa, hakusema neno. Nilimwomba azungushe kamera chumbani, akazungusha. Sikuona mtu wala karatasi. Wakati huo nilikuwa nikitazama watahiniwa kumi na wawili.” Ni maelezo marefu zaidi, naam, lakini hayamtuhumu mtu wala hayamfichi. Sentensi ya mwisho wengi huiona haya kuiandika, ilhali ndiyo inayoieleza kamati ushahidi wangu una uzito gani.

Tuogope vilevile “mara kwa mara”. Mtu anayefikiri hutazama kando. Kama alitazama kando mara nne, kila mara upande wa kushoto, kwa nukta kumi hivi, tuandike hayo. Nayo yasiyohusu mtihani tuyaache. Kamera hutuingiza katika nyumba za watu, na kitanda kisichotandikwa au ukuta wa udongo havina nafasi katika daftari letu. Isitoshe, tangu 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Data.

Kilichomwokoa kijana yule hakikuwa majuto yangu. Alifungua begi lake, akatoa daftari la mazoezi lililokunjika pembe, akaonyesha ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameandika kwa penseli, siku ile ile ya mtihani: “10:10 asubuhi stima imepotea, intaneti imezimika. 10:14 nimewasha data ya simu. 10:16 nimerudi. Shangazi ameniita, sikujibu.”

Kamati ilimwondolea tuhuma asubuhi hiyo hiyo. Nilimwomba ruhusa ya kunakili ukurasa ule, akaniruhusu, na kila mwaka huwagawia wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nakala yake, jina likiwa limefutwa, pamoja na nakala ya sentensi zangu mbili, ambazo jina langu sijalifuta.