Rangi ya Chuo Kikuu, Karatasini na kwenye Skrini

Rangi za chuo kikuu ni sehemu ya utambulisho wake sawasawa na jina na nembo, kwa kuwa mwanafunzi, mzazi au mwajiri huitambua barua, bango au tovuti ya chuo kabla hajasoma neno hata moja lililomo. Utambulisho huo, hata hivyo, hudumu tu endapo rangi ya kijitabu kilichochapwa inaonekana kuwa ile ile iliyomo kwenye simu, kwenye bendera na kwenye fulana za timu, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu rangi hutengenezwa upya kila inapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor nchini Marekani, kinafaa kuchunguzwa kwa makini. Mnamo Februari 1867 wanafunzi wake walipitisha azimio kwamba samawati na manjano ya mahindi ziwe rangi za chuo, nao walizieleza rangi hizo kwa majina tu. Majina hayakutosha. Anga ya asubuhi si anga ya adhuhuri, na hindi bichi halifanani na hindi lililokaukia ghalani, kwa hiyo kila mtengeneza utepe na kila mshonaji alichagua ukolezi alioudhani kuwa ndio, hata ikalazimu mwaka 1912 iundwe kamati ya kuzifafanua rangi hizo upya. Samawati ya wanafunzi wale haionekani tena: buluu ya Michigan ya leo ni nzito mno, nayo inakaribia weusi. Katika Chuo Kikuu cha Harvard nako mambo hayakuwa tofauti sana, kwani gazeti la wanafunzi lililoanzishwa mwaka 1873 kwa jina la The Magenta lilibadilishwa mwaka 1875 kuwa The Crimson, kufuatia mabishano kuhusu ni wekundu upi hasa uliokuwa wa chuo, na rangi hiyo ikathibitishwa rasmi mwaka 1910.

Kilichokosekana katika karne ya kumi na tisa ni namna ya kuiandika rangi ili mtu aliye mbali aweze kuitengeneza bila kubahatisha. Namna hiyo sasa ipo, ila si moja. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, ina taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, na nguvu ya kila taa hupimwa kuanzia 0 hadi 255, hivi kwamba michanganyiko inayowezekana ni 16,777,216. Manjano ya Michigan kwa kipimo hicho ni 255, 203 na 5, na buluu yake ni 0, 39 na 76. Watengenezaji wa tovuti huziandika namba hizo hizo kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, zikawa FFCB05 na 00274C. Karatasi hufanya kinyume. Haitoi mwanga wowote wake yenyewe, bali hurudisha ule unaoiangukia baada ya wino kumeza sehemu yake, na mtambo wa kawaida wa uchapaji huwa na wino wa aina nne, ambazo ni saiani, majenta, njano na nyeusi, unaopigwa katika vitone vidogo ambavyo jicho huviunganisha kuwa rangi moja.

Kwa kuwa njia hizi mbili hazina msingi mmoja, zipo rangi ambazo skrini huzing'arisha kwa urahisi na ambazo wino nne haziwezi kuzifikia kamwe. Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko mengine yote: faili lililobuniwa kwa ajili ya tovuti hupelekwa mtamboni kama lilivyo, programu hulibadilisha kwa hesabu zake yenyewe, na buluu iliyokuwa nzuri kwenye kompyuta hutoka ikiwa na uzambarau, kwa sababu majenta iliyomo imekaribiana mno na saiani. Wachapaji wenye uzoefu hupendekeza majenta ipungue kuliko saiani kwa takriban asilimia 30 ili buluu ibaki buluu. Kulinda rangi, basi, si kunakili namba zile zile kila mahali. Ni kuwa na namba tofauti kwa kila chombo, zilizoteuliwa na mtu mwenye jicho la kazi hiyo, ili matokeo yafanane machoni.

Kwa kazi zenye uzito, kama vyeti na barua rasmi, iko njia ya kutumia wino uliochanganywa tayari kabla ya kuingizwa mtamboni. Mfumo unaotumika zaidi ni wa kampuni ya Pantone, uliotolewa mwaka 1963, ambao huipa kila rangi namba yake na kanuni yake ya kuchanganya. Chuo Kikuu cha Oxford, kwa mfano, huitambulisha buluu yake kwa namba 282. Namba hiyo hufuatwa na herufi C kwa karatasi yenye mng'ao au U kwa karatasi isiyo na mng'ao, kwa maana karatasi ya pili hunywa wino na kuifubaza rangi. Hata vitabu vya sampuli vya mfumo huu hupauka, na kampuni yenyewe hushauri vibadilishwe kila baada ya miezi 12 hadi 18.

Kufanana peke yake hakutoshi ikiwa maandishi hayasomeki, na suala hili linastahili uzito zaidi ya ule linaopewa katika mwongozo wa nembo wa chuo kimoja kimoja. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unaojulikana kwa kifupi kama WCAG, hupima tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma yake, na katika daraja lake la kati hudai uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Manjano ya Michigan juu ya nyeupe hufikia takriban 1.5 kwa 1 tu, maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye uoni hafifu, au yeyote anayesoma ratiba ya mitihani juani, haoni kitu. Manjano hiyo hiyo juu ya buluu ya chuo hukaribia 10 kwa 1, na nyeupe juu ya buluu hufikia 15 kwa 1. Mwongozo mwema, kwa sababu hiyo, haukomei kutaja rangi, bali hueleza ni ipi ya maandishi, ni ipi ya mandhari, na ni zipi zisiwekwe pamoja. Chuo kinachomwandikia mwanafunzi wake kwa rangi asiyoweza kuisoma kimemnyima haki yake, hata kama rangi hiyo ni ya kihistoria ya chuo hicho.

Sehemu kubwa ya upotevu wa rangi hutokea ofisini, kabla kazi haijafika kwa mchapaji, pale idara inapokosa faili halisi na kuchukua nembo kutoka kwenye picha iliyotumwa kwa WhatsApp au barua ya zamani iliyoskaniwa, ambamo rangi imekwisha kubadilika. Dawa yake ni ofisi moja kuhifadhi mafaili yenye michoro isiyopoteza ubora inapokuzwa, kila moja ikiwa na namba zake za skrini, za wino nne na za wino maalumu, na kuyatoa bila urasimu kwa kila anayeyahitaji. Mchapaji naye hutakiwa kutoa nakala ya majaribio, na anayeiidhinisha aikague chini ya mwanga mweupe wa kelvini 5000, ambao ndio uliokubaliwa kimataifa kwa ukaguzi wa kazi za uchapaji, kwa kuwa chini ya balbu ya manjano buluu nzito kama ile ya Michigan huonekana nyeusi tupu, na sahihi ikishawekwa nakala zote hutoka hivyo.